Muhuri Usigongwe Sabuni Ikiwa Mbichi



Mwezi huu nakuomba uchukue kipande cha sabuni uliyoitengeneza kwa mikono yako, ukitazame vizuri. Je, muhuri wake unasomeka? Akina mama wengi huniambia, "Dada nesi, sabuni yangu inatoa povu zuri, lakini nikiigonga muhuri, herufi zinabanduka au kipande kinapasuka." Nami huwajibu kwamba hata mimi yamenikuta. Ngoja nikusimulie.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilipata oda ya vipande 120 vya sabuni, zawadi za wageni kwenye send-off. Kila kipande kilitakiwa kiwe na herufi mbili za maharusi. Mafuta ya nazi yalikuwa yamepanda bei, kwa hiyo sehemu kubwa tuliweka alizeti. Tena ilikuwa masika, nguo zenyewe zilikuwa hazikauki. Kitabu changu kilisema sabuni hugongwa muhuri baada ya siku moja. Sherehe ilikuwa bado wiki tano, lakini mimi nilitaka kazi iishe kabla ya zamu yangu ya usiku kuanza.

Mwenzetu mmoja, muuza mandazi, alibonyeza kipande kimoja akasema taratibu, "Dada, hii bado." Nikamjibu kwamba kitabu kimesema. Kipande cha kwanza, muhuri ulitoka na herufi zote mbili. Nikadhani tatizo ni nguvu, nikaongeza nguvu. Nilipokuja kusimama, vipande 40 vilikuwa vimeharibika.

Fedha za mafuta hazikuwa za mchezo. Sehemu yake alitukopesha mama mjane, kutoka ada ya mtoto wake. Usiku ule sikula. Kesho yake niliomba radhi mbele ya wote, na mafuta ya vipande 40 vingine nikayanunua kwa fedha yangu. Vile 80 vilivyobaki tulivingojea siku sita, mpaka muuza mandazi aliposema, "Sasa." Vikatoka safi, kila herufi na ukingo wake. Ada ya mtoto ililipwa kwa wakati. Vile vilivyoharibika tulivikwangua, tukaviyeyusha kwa moto mdogo na maji kidogo, tukagawana vya kufulia.

Sasa, mama, kosa langu lilikuwa nini? Nilihesabu siku badala ya kuitazama sabuni. Kila mafuta yana mwendo wake. Sabuni yenye nazi nyingi hukaza upesi, na ukichelewa hupasuka; igonge siku ya kwanza au ya pili. Yenye mawese mengi husubiri siku mbili hadi nne. Yenye alizeti nyingi huweza kukaa wiki nzima ikiwa bado laini. Maji mengi kwenye mchanganyiko na hali ya unyevu huichelewesha zaidi.

Kwa anayeanza, mchanganyiko huu si msumbufu: mawese gramu 600, nazi gramu 400, kostiki soda gramu 150 na maji gramu 300. Pima vyote kwa mizani, hata maji, wala usikisie kwa kikombe. Ukibadilisha mafuta, kiasi cha kostiki nacho hubadilika.

Jinsi ya kujua saa imefika: vaa glovu, ubonyeze pembe ya kipande kwa kidole gumba. Kidole kikizama au kikinata, bado. Kikiacha alama ndogo na kutoka kikavu, ndiyo saa yake. Kisipoacha alama kabisa, umechelewa. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu au mabaki ya kukatia.

Muhuri wenyewe uwe na herufi nene, chache, zenye nafasi kati yake. Michoro myembamba hujaa sabuni. Mwambie fundi azichonge herufi kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili zikigongwa zisomeke. Kuta za herufi ziwe na mteremko kidogo, ndipo muhuri utoke bila kuvuta sabuni. Mbao ngumu iliyopigwa vanishi inafaa, na shaba nyeupe pia. Usitumie alumini, maana kostiki huila. Kwa sababu hiyo hiyo, usichanganyie kostiki kwenye sufuria ya alumini.

Siku ya kugonga, fuata hatua hizi:

1. Kata vipande, uviache vipigwe na hewa usiku mmoja ili uso ukauke.
2. Kama kuna unga mweupe juu, ukwangue kwa kisu. Hayo ni magadi, hutokea kostiki inapokutana na hewa, nayo hufifisha herufi.
3. Weka kipande mezani palipo sawa, juu ya kitambaa kisichoteleza.
4. Futa muhuri kwa spiriti kidogo, mbali na moto. Ukikosa spiriti, tumia mafuta, lakini yawe ya kupaka tu, yasitone.
5. Weka muhuri katikati, ubonyeze wima kwa kiganja, au uugonge kwa nyundo ya mpira mara moja au mbili. Kina cha milimita mbili au tatu kinatosha.
6. Uinue moja kwa moja kwenda juu. Usiuyumbishe.
7. Safisha herufi kwa mswaki mkavu kabla ya kipande kinachofuata.

Baada ya hapo panga vipande penye hewa, visigusane, kwa wiki nne. Muhuri kutoka vizuri si ruhusa ya kuuza siku hiyo hiyo. Sabuni mbichi ni laini na huisha upesi majini, na ile ambayo kostiki yake haijamaliza kazi huunguza ngozi.

Na hapa nasema kama nesi. Kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Vaa glovu na miwani. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Mtoto hajui kusoma kibandiko. Ikimrukia mtu, mvue nguo iliyolowa, umwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Mtoto akiimeza, asukutue mdomo, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Mwisho, mama, fikiri ni jina gani unaliweka. Alama ya TBS usiichonge bila kibali. SIDO wanaweza kukuelekeza namna ya kuanza safari hiyo. Jina lako mwenyewe hulihitajii kibali, lakini ukiligonga kwenye sabuni umesema, "Likitokea tatizo, nitafuteni mimi." Kikundi chetu sasa hakigongi kipande mpaka muuza mandazi aweke kidole chake. Kitabu bado ninacho, ila huwa nakisoma nikiwa nimekaa karibu naye.

Tukutane mwezi ujao.