Aliyekulia ng'ambo ya mpaka si mgeni kwao

MKATAA kwao mtumwa, walinena wahenga. Lakini mtu afanyeje anapokuwa na kwao kuwili, na kila upande ukamwambia hapa si kwenu?

Swali hili nimelisikia mara nyingi hapa Juba. Majuzi nililisikia tena katika soko la Konyokonyo, kwa mama mmoja anayeuza vitunguu kutoka Uganda. Binti yake alizaliwa na kukulia katika kambi ya Kakuma, Kenya. Sasa wamerudi, na mwalimu amemkataza kusema Kiswahili darasani. Akijaribu Kiacholi, lugha ya babu yake, wenzake humcheka kwa kuwa anakosea. Kiarabu cha Juba ndiyo kwanza anajifunza. "Sasa ndugu yangu, huyu mtoto anyamaze?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka mtu mmoja ambaye maisha yake ni jibu tosha, naye ni Profesa Taban lo Liyong, mshairi na msomi.

Ndugu msomaji, huenda hujamsoma, kwani vitabu vyake ni adimu katika maduka yetu. Lakini jina lake unalielewa. Katika Kiarabu, taban ni mtu aliyechoka, na neno hilo hilo ndilo lililotupatia "taabani" katika Kiswahili.

Taban alizaliwa Kajokaji, kusini mwa Sudan ya wakati ule, akachukuliwa Uganda angali mdogo. Alisoma Gulu, akaenda Kampala kusomea ualimu, kisha Marekani katika Chuo Kikuu cha Howard na baadaye kile cha Iowa. Huko Iowa, mwaka 1968, alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika uandishi wa kubuni. Kwa hiyo Msudani huyu alilelewa na ardhi ya jirani, kama walivyolelewa maelfu ya vijana ambao leo tunawaita "wa kambini".

Wengi humkumbuka kwa ukali wa kalamu yake. Mwaka 1965 aliandika makala akilalamika kwamba Afrika Mashariki ilikuwa jangwa la fasihi. Waliokasirika walikuwa wengi, lakini miaka iliyofuata vitabu vilianza kumiminika, vikiwamo vyake mwenyewe.

Jambo kubwa zaidi lilitokea Nairobi. Oktoba 1968, yeye, Ngugi wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe. Si kwamba walikichukia Kiingereza. Walichohoji ni kwa nini fasihi ya Uingereza iwe ndiyo kitovu, na ya Afrika iongezwe pembeni kama kiraka. Walitaka fasihi ya Afrika, hasa ile simulizi ya bibi na babu zetu, iwe katikati, kisha mwanafunzi atoke hapo kwenda kuutazama ulimwengu. Tena walitaka Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vyote vifundishwe kwa lazima.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kuipenda lugha ya nyumbani ni kuifungia mlango lugha ya jirani. Waraka ule ulisema anza nyumbani, usiishie nyumbani. Mwalimu anayemnyamazisha binti wa Kakuma amelielewa somo hili kinyume.

Tazama pia kazi zake. Katika Eating Chiefs ya mwaka 1970 alizisimulia upya ngano na mila za Walwo. Jina kamili la kitabu hicho linataja utamaduni wao kutoka Lolwe hadi Malakal, na Lolwe ndilo jina la Kiluo la ziwa Victoria. Mfanyabiashara anayepita Nimule na Elegu akiwa na unga, mafuta na saruji anaifahamu njia hiyo. Watu na hadithi zao waliipita kabla hapajakuwa na kizuizi, muhuri wala ushuru.

Mwaka 2001 tafsiri yake ya utenzi wa Kiacholi wa Okot p'Bitek, Wer pa Lawino, ilichapishwa Kampala kwa jina la The Defence of Lawino. Okot mwenyewe alikuwa ameshautoa kwa Kiingereza mwaka 1966, lakini Taban aliona kwamba mengi ya Kiacholi yalikuwa yameachwa. Unaweza kubishana naye, na wapo waliobishana. Lakini jiulize, aliwezaje kazi hiyo? Aliiweza kwa sababu alikulia upande wa pili wa mpaka. Lugha aliyoipata ugenini haikumpunguzia chochote. Ilimpa kazi ambayo wasomi wachache waliiweza.

Baada ya kufundisha Nairobi, Papua New Guinea, na baadaye Afrika Kusini katika Chuo Kikuu cha Venda, alifundisha pia Chuo Kikuu cha Juba. Alirudi na mzigo wake wote wa elimu, bila kuacha nusu yake mpakani.

Wapo watakaosema haya ni ya wasomi, na kwamba nchi yenye lugha zaidi ya 60 haiwezi kuzifundisha zote. Wataongeza kwamba Taban mwenyewe aliandika zaidi kwa Kiingereza. Ni kweli, na ni kasoro ambayo hata wampendao hawana budi kuikiri. Walimu pia ni wachache na vitabu ni haba.

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya umaskini. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Sheria ya Elimu ya mwaka 2012 inataka madarasa matatu ya kwanza ya msingi yafundishwe kwa lugha za asili. Mwaka 2016 tulijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kiswahili ni lugha yake. Kumbe mtoto mwenye Kiacholi cha kubabaisha na Kiswahili safi hajavunja sheria yoyote. Amekuja na kile ambacho taifa lilisema linakitaka.

Naomba mambo matatu. Walimu wasimwadhibu wala kumwaibisha mtoto kwa lugha aliyorudi nayo, iwe Kiswahili cha Kakuma au Kiarabu cha waliokimbia Khartoum baada ya vita vya Aprili 2023. Wamuulize bali neno hilo kwa lugha ya babu yake ni lipi, na kama halijui, akaliulize nyumbani. Shule zitafute walau nakala moja ya vitabu vya Taban. Na sisi wazazi, jioni moja kwa wiki, tumpe mtoto daftari akae na mzee, aandike ngano moja. Hilo halihitaji bajeti ya wizara, na wazee hawatatungoja.

Nilirudi Konyokonyo siku ya pili kumpa yule mama jibu langu. Nilimwambia mtoto asinyamaze, aseme Kiswahili chake bila aibu, na Kiacholi akikosea arekebishwe na bibi yake. Alicheka, akaniambia bibi yupo, anasubiri tu kuulizwa.