Hakususa, Anaumwa

Ndugu msomaji, huenda nawe unaye jamaa katika nyanda za juu za Kigoma. Chukua mfano wa mrina asali wa Kibondo: tawi linavunjika, anaanguka chali, na tangu siku hiyo miguu haimtii tena. Au kijana wa Kasulu aliyepinduka na pikipiki. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro ulionyesha kuwa kuanguka na ajali za barabarani ndivyo vyanzo vikuu vya majeraha ya uti wa mgongo.

Ninyi mlioko mjini mnachanga. Mnanunua kiti cha magurudumu na kutuma nauli ya hospitali. Baada ya miezi kadhaa shemeji anapiga simu: "Kaka yenu amebadilika. Chakula hataki. Jirani akimwambia 'Mwakeye', anageukia ukutani." Hapo hukumu huanza. Mmoja husema amesusa, mwingine amedekezwa, wa tatu hutaja uchawi.

Tusiharakishe kuhukumu. Ugwe wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo umeungana na ubongo. Ukiumia, ubongo nao huweza kupata taabu. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, akiwemo Dakta Alan Faden, walieleza waliyoyaona kwa panya walioumia ugwe. Wiki nyingi baada ya jeraha, chembe za ulinzi za ubongo zilikuwa zingali zimechachamaa, na chembe za fahamu zilikuwa zimepungua. Panya hao walikuwa wazito wa kujifunza na kukumbuka, tena walionyesha dalili zinazofanana na sonona, yaani ile huzuni iliyo maradhi.

Kweli, panya si binadamu. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikadiria kuwa katika kila watu watano walioumia ugwe, takriban mmoja ana sonona. Ongeza maumivu yasiyokoma, usiku usio na usingizi, na uchungu wa mtu aliyezoea kulisha nyumba ambaye sasa hulishwa.

Basi tufanye nini? Huzuni, kukosa usingizi au kutopenda lolote kukizidi wiki mbili, mwelezeni mganga wa hospitali ya wilaya, au wa Maweni mjini Kigoma, kama mnavyomweleza habari za vidonda vya mgongoni. Sonona hutibika kwa ushauri nasaha na kwa dawa. Akisema heri afe, msimkemee. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, ondoeni dawa za shambani, panga na kamba karibu naye, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Tena mrudishieni nafasi yake. Mikono iliyorina asali yaweza kuchambua maharage na kuandika hesabu za mauzo. Mbuzi asiuzwe kabla ya kushauriana naye.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu msomaji, jioni hii mpigie simu jamaa yako. Usiulize habari za kiti peke yake. Omba apewe simu mwenyewe, umwulize moyo wake umeamkaje, kisha unyamaze umsikilize.