Mtawa wa Kimya na Wapigania Amani

Wapo Wakristo wadhanio kwamba mtawa wa taamuli, yaani mtu aliyejitenga na shughuli za dunia ili amtafakari Mungu kwa sala na kimya, hana la kusema juu ya vita. Dhana hiyo haina budi kuachwa, maana maisha ya mtawa Thomas Merton yanaikanusha. Merton aliingia abasia ya Gethsemani, Kentucky, nchini Marekani, nyumba ya Watrapisti washikao kanuni kali ya kimya, tarehe 10 Desemba 1941, siku tatu baada ya kambi ya kijeshi ya Marekani ya Pearl Harbor kushambuliwa.

Mwezi Oktoba 1961, mataifa makubwa yalipokuwa yakitishana kwa mabomu ya nyuklia, aliandika katika gazeti la The Catholic Worker, lililoasisiwa na Dorothy Day na Peter Maurin, kwamba vita huota katika hofu ya wanadamu. Mwaka uliofuata wakuu wa shirika lake walimkataza kuchapisha maandishi ya namna hiyo. Katazo hilo lilikuwa kosa, lakini Merton alitii, na kitabu alichokwisha kukiandika kuhusu amani hakikutoka hadi 2004. Barua zake, hata hivyo, zilizidi kudurufiwa na kupita mkono kwa mkono. Aprili 1963 Papa Yohane XXIII akatoa waraka wa Pacem in Terris, yaani Amani Duniani, ambamo mengi aliyokatazwa mtawa huyo yalinenwa na Kanisa lenyewe.

Novemba 1964 Merton aliwakaribisha Gethsemani wapigania amani wachache, Wakatoliki na Waprotestanti, wakiwamo mapadre ndugu Daniel na Philip Berrigan na mzee A. J. Muste, kwa mafungo, yaani siku za kusali na kutafakari. Hakuwapa mbinu za maandamano, bali aliwauliza ni kwa haki gani wanapinga. Kila apazaye sauti dhidi ya vita, awe padre au mlei, na ajihoji vivyo hivyo kabla hajashika bango, kwa kuwa ghadhabu isiyopimwa kwa sala huweza kumgeuza mpinga vita akafanana na wale anaowapinga.

Mwaka 1966 kijana Jim Forest, mmoja wa waliohudhuria mafungo hayo, alimwandikia Merton akiwa amekata tamaa kwa sababu vita vya Vietnam vilizidi kupamba moto. Merton alimshauri asitegemee matokeo ya kazi yake, bali aiangalie haki na kweli iliyomo katika kazi yenyewe, na zaidi ya hapo awajali watu anaofanya nao kazi. Forest hakuiacha kazi hiyo; baadaye akawa katibu mkuu wa Ushirika wa Kimataifa wa Upatanisho.