Fundi Akiokota Makopo ni Chizi, Staa Akiokota ni Mbunifu

Kila mtoto wa mjini ameshatishiwa hivi angalau mara moja. Mama akiona kijana wake hashikiki, anamwambia: "Endelea hivyo hivyo, utaishia kuokota makopo." Hakuna anayeuliza maana. Kiswahili chenyewe kilishaamua zamani kwamba anayeokota makopo ni mtu aliyedata.

Sasa kuna mwanadada mmoja, maarufu kweli kweli hapa Dar, naye juzi kati ameokota makopo. Kavaa gauni jeupe, kucha ndefu, kashika tairi bovu kwa vidole viwili kama vile ameshika panya aliyekufa. Picha ya pili kakaa juu ya meza iliyotengenezwa na lile gurudumu kubwa la mbao wanalozungushia nyaya za umeme. Picha ya tatu taa za chupa zinaning'inia juu ya kochi. Chini kaandika: "Kutoka takataka mpaka sebuleni. Ubunifu wangu, mikono yangu."

Mitandao ikawaka. "Malkia." "Kichwa hicho." "Dada unatufundisha maisha." Hakuna hata mmoja aliyemwambia amechizika.

Na kuokota takataka ukatengeneza pambo la nyumbani ni jambo zuri, hakuna ubishi hapo. Kasheshe iko kwenye yale maneno mawili ya mwisho: mikono yangu.

Ukiirudia ile video yake taratibu, kuna sehemu ya sekunde kama mbili hivi. Mkono mmoja unaingia pembeni kushika ubao usidondoke. Mkono umejaa gundi, kucha nyeusi, kidole gumba kina plasta. Halafu video inakatwa, anarudi yeye na brashi mpya ambayo haijawahi kuona rangi.

Ule mkono ndio wenye meza.

Mafundi wa Keko wanajuana, na mwenye ule mkono wanamjua. Ni kijana aliyeanza kwa kusaidia kupiga msasa kwenye karakana ya mjomba wake, akajiongeza mwenyewe mpaka akawa anabuni. Mashoga wa yule dada walienda wakapiga picha kazi zake, wakamrushia mwenzao, naye akafunga safari. Mazungumzo yao yalikuwa yale yale ambayo kila fundi wa mjini hapa anayajua kwa moyo.

"Dada, laki na themanini hiyo ndiyo bei yake. Gundi tu yenyewe imepanda."

"Fundi wangu jamani! Si takataka tu hizi? Nifanyie tisini, halafu nitakutagi. Unajua nina watu wangapi kule?"

Fundi akapiga mahesabu ya watu wengi kule, akakubali tisini.

Sasa zipigwe na hesabu zenyewe. Gurudumu la mbao, msasa, vanishi, gundi, skrubu na magurudumu madogo ya kusukumia vilikula elfu sitini na tano. Guta la kupeleka mzigo mpaka kwa dada, elfu kumi. Imebaki elfu kumi na tano. Kazi ilichukua siku nne. Kwa siku ni 3,750, na hapo bado hajala mchana. Yule dada kwenye kahawa moja tu na rafiki yake anaacha zaidi ya hiyo.

Na tagi? Haijaja mpaka leo.

Kilichokuja ni tangazo. Meza ile ile sasa inauzwa 350,000, "oda unaweka inboksi, inatengenezwa kwa mkono". Kwa mkono wa nani hasemi. Wanaojua wanasema oda zenyewe hazikurudi hata kwa yule fundi, zilipelekwa kwa fundi mwingine aliyekubali bei ya chini zaidi, akapewa picha aigize. Halafu likafuata darasa la mtandaoni, elfu ishirini na tano kwa kichwa, "Jifunze kugeuza takataka kuwa pesa". Wakiingia watu mia tu, hiyo ni 2,500,000, anafundisha kazi ambayo msumeno wake hajui hata unashikwa upande gani.

Huu mchezo haukuanza na yeye. Watu wa uswahilini wamekuwa wakigeuza takataka tangu zamani, kabla simu haijawa na kamera. Koroboi ni kopo. Katambuga ni tairi. Jiko la mkaa lililoko jikoni kwa bibi yako huenda lilikuwa bati la pipa, likagongwa na fundi juani. Mabibi wamepanda maua na mchaichai kwenye ndoo zilizopasuka miaka na miaka. Yote hayo yaliitwa umaskini. Mtu alikuwa anaficha katambuga mgeni akija. Leo kitu kile kile kikipigwa picha kwenye nyumba yenye vigae vinavyong'aa, kinaitwa ubunifu na kina bei ya laki.

Tena Tanzania ndiyo nchi ya mwisho kujifanya haijui thamani ya kitu hiki. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wasanii. Alichora kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, yaani miaka minne tu ya kazi. Lakini mpaka leo mchoro wa namna ile unaitwa Tingatinga, popote duniani. Jina lilibaki kwenye kazi. Sasa jiulize, hao waliokuwa wananunua picha zake pale Oysterbay wangekuwa wanafuta jina na kusema "nimechora mwenyewe", leo nani angejua kwamba kulikuwa na mtu kutoka Tunduru anaitwa hivyo?

Angalia na majirani. Kule Lamu walitengeneza jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivalisha ndala chakavu kama 30,000, wakaliita Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar. Mradi ule ulikuwa na watu wa kila aina, wenye mawazo na wenye pesa. Lakini ukiuliza nani alilijenga, jibu liko wazi: Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu, na wenzake. Hakuna aliyepanda juu yake akasema "mikono yangu".

Msanii mkubwa kabisa wa takataka Afrika, El Anatsui wa Ghana, anatengeneza mapazia makubwa kama ukuta kwa vifuniko vya chupa za pombe vilivyofungwa kwa waya. Kazi yake ilitundikwa Tate Modern, London, mwaka 2023. Yeye mwenyewe hajawahi kuficha kwamba vile vifuniko vinaunganishwa na vijana wengi anaofanya nao kazi. Sasa kama mzee mwenye jina kubwa vile halimpungui kitu kwa kutaja wenzake, staa wa Bongo linampungua nini?

Watetezi wake wapo, na hoja yao isikwepwe. Wanasema: bila yule dada, nani angemjua huyo fundi? Yeye ndiye ana soko. Kuuza nako ni kazi. Mwenye duka la nguo hashoni, na hakuna anayemlaumu.

Ni kweli kuuza ni kazi. Kupanga sebule ikapendeza ni kazi, kupiga picha ni kazi, kujua wateja wanataka nini ni kazi, na vyote vinastahili kulipwa. Lakini mwenye duka la nguo hasemi ameshona. Anasema anauza. Angesema tu "nauza, fundi wangu ni huyu hapa", hakuna ambaye angekuwa na neno. Na hiyo hoja ya kwamba fundi atajulikana kupitia yeye inakufa pale pale, kwa sababu hajamtaja. Soko analoambiwa amepelekewa hajaliona hata kwa dirishani.

Halafu kuna madhara mengine ambayo hayazungumzwi kabisa. Mtu anayefundisha asichokijua anaweza kuumiza watu.

Kwenye darasa lake anaonyesha kukata chupa: unafunga uzi uliolowekwa spiriti, unawasha, unatumbukiza kwenye maji baridi, chupa inakatika. Sawa, inakatika. Ila hasemi kwamba ukingo wake unakata kama wembe, kwamba unatakiwa upige msasa wa maji ili vumbi la kioo lisiruke ukalivuta, kwamba uvae miwani na barakoa. Fundi anajua, kwa sababu ameshakatwa. Plasta ile ya kidole gumba haikuja kwa bahati mbaya.

Anaonyesha kiti cha tairi kikikaa nje kwenye bustani, wazi, mvua inakinyeshea. Dar hii imeshakumbwa na dengue, mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengue anapenda maji yaliyotuama kwenye tairi kuliko kitu gani sijui. Fundi wa kweli anaziba chini na juu kwa mbao kabla hajazungushia kamba ya katani, au anatoboa matundu maji yatoke.

Anaonyesha kitanda cha mbao za paleti. Paleti zinazosafiri na mizigo kutoka nje huwa zimepigwa muhuri. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto. MB maana yake zilifukizwa kwa dawa ya sumu iitwayo methyl bromide. Ya MB haifai kukatwa, kupigwa randa na kuwekwa chumbani unapolala na mtoto. Watu wamelipa elfu ishirini na tano na hilo hawakuambiwa. Vivyo hivyo mapipa: lazima ujue lilibeba nini kabla hujalikata au kulipeleka jikoni.

Na la mwisho ambalo hawaambii vijana: takataka si bure. "Anza bila mtaji" ni kanyaboya. Paleti siku hizi ina mwenyewe, gereji wanajua bei ya tairi, na wale wanaookota chupa wanauza kwa kilo. Kuna mtu ameamka alfajiri akazikusanya. Pesa inakwenda kwenye gundi, vanishi, sponji, kitambaa na usafiri, na muda unakwenda kwenye kusafisha na kupiga msasa. Kijana wa geto anayeingia kwenye hii ishu akidhani ni kuokota na kuuza, ataweka bei ya kutupa, atachoka mwezi wa pili, ataacha. Anayepiga hesabu ya siku zake za kazi, akaanza na kitu kimoja anachokijua vizuri, huyo anaweza kufika. Wapo wanaofika, wengi tu, na hawana wafuasi hata elfu moja.

Lakini lawama zote zisimwangukie staa peke yake. Kuna mtu anasoma hapa anatikisa kichwa, anasema "aisee huyo dada noma", na wiki iliyopita tu alisimama mbele ya fundi akasema "si takataka tu hizi?" Akitoka hapo anaingia duka lenye kiyoyozi, anakuta pambo la plastiki lililokuja na kontena, bei imebandikwa, na hapunguziwi hata jero. Analipa kimya kimya, tena anashukuru. Bei iliyobandikwa ukutani inaheshimiwa. Bei inayotoka mdomoni mwa mtu mwenye gundi mikononi inakatwa nusu. Staa alijifunza dharau ile kwa wateja wa kawaida, yeye kaiongezea kamera tu.

Na mafundi nao waamke. Tagi hailipi kodi ya karakana. Mteja akisema nitakutagi, mwambie sawa dada, tagi iwe juu ya bei, isiwe ndani ya bei. Piga picha kazi yako kabla haijatoka, iweke kwenye ukurasa wako wenye watu arobaini, andika na tarehe. Choma jina lako chini ya meza kwa chuma cha moto. Siku mtu akisema mikono yangu, watu waigeuze meza wasome.

Kwa yule dada, kurekebisha hili kunamgharimu dakika moja. Ataje jina la fundi, amlipe ile tisini aliyomkata, darasa lifundishwe na mwenye kazi, wagawane. Wafuasi hawatapungua hata mmoja. Pengine wataongezeka.

Mpaka hapo, kila meza ya gurudumu, kila taa ya chupa, kila kochi la tairi likipita kwenye simu yako na maneno "mikono yangu", usiandike malkia. Andika maneno mawili tu chini yake: fundi nani?