Mikono Kwanza, Mizinga Baadaye

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno mzinga lina maana mbili. Mzinga ni ile silaha kubwa itupayo makombora, na mzinga ni gogo lililotobolewa ndani ambamo nyuki hujenga masega yao. Askari aisomaye safu hii aijua maana ya kwanza kwa kazi yake. Maana ya pili aijua kwa utoto wake, kwani ni wachache miongoni mwetu tuliozaliwa vilimani ambao hawakumwona babu au mjomba akiteremsha mzinga kutoka mtini usiku, mwenge mkononi. Leo twapenda kuzungumza juu ya mzinga huo wa pili, na juu ya mafunzo ambayo yangefaa sana kutolewa kwa askari na polisi wa Kamenge na vitongoji vya kaskazini ya Bujumbura.

Askari hatumiki milele. Siku huja ambapo sare hukunjwa, bunduki hurudishwa ghalani, na mtu aliyezoea kuamka kwa tarumbeta hujikuta ameamka hana amri ya kutimiza. Tangu mwishoni mwa mwaka 2004, jeshi la ulinzi na polisi ya taifa vilipoundwa upya kwa kuwaunganisha watu waliokuwa wakipigana, maelfu ya wapiganaji walivua sare na kurudi uraiani. Wengine, kuanzia Desemba 2007, walitumwa Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na waliorudi salama walirudi na akiba yao ndogo. Swali la wote hawa ni moja: baada ya utumishi, nitakula nini na wanangu watasoma kwa nini?

Jibu la mwanakijiji wa zamani lilikuwa shamba. Lakini nchi yetu ina kilometa za mraba 27,834 tu, nayo ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi zaidi kwa eneo katika Afrika. Shamba la babu limegawanywa kwa baba, la baba limegawanywa kwa wana, na mjukuu hurithi kipande ambacho jembe hulimaliza kwa asubuhi chache. Hapo ndipo nyuki aonyeshapo thamani yake. Nyuki haulizi mti ni wa nani. Huruka kilometa mbili au tatu, akachuma katika mikaratusi ya mlimani, maua ya mibuni, miparachichi na miembe ya majirani, akarudi nyumbani bila ya kumwibia mtu yeyote. Tena katika kuchuma kwake huyachavusha maua hayo, na jirani akavuna matunda mengi zaidi. Mwenye manzuki ya mizinga kumi hahitaji ardhi kubwa. Ahitaji mahali pa kivuli, maji yaliyo karibu, na ujuzi.

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha maoni yetu. Katika Afrika ya Mashariki yote ni jambo linalojulikana kwamba mizinga ya kisasa iligawiwa kwa vikundi vingi kwa sherehe na hotuba, kisha ikakaa mitupu. Mingine ikawa makao ya mijusi na siafu, mingine ikawa mabanda ya kuku, na michache ikageuzwa viti. Wagawaji walidhani kwamba mzinga ndio unaoleta nyuki, na nyuki ndio wanaoleta asali, basi kazi imekwisha. Walisahau kwamba kati ya mzinga na asali pana mikono ya mtu, na mikono hiyo hufundishwa. Wahenga walisema, elimu bila amali kama nta bila asali.

Askari hahitaji kuelezwa sana juu ya jambo hili. Hakuna kuruta aliyejifunza kufungua na kufunga bunduki kwa kutazama picha ubaoni. Alifundishwa kwa kuifungua yeye mwenyewe mara kumi, mara hamsini, mchana na gizani, mpaka vidole vikajua njia yao vyenyewe. Nyuki nao ni hivyo hivyo. Mtu aweza kuhifadhi kitabu kizima moyoni, lakini siku ya kwanza anapoinua mfuniko na elfu nyingi za nyuki wakapanda kwa mvumo mmoja, kitabu chote humtoka kichwani. Siku hiyo huokolewa na mwalimu aliyesimama kando yake na kumwambia polepole: ongeza moshi, usipunge mkono, rudisha sega ulivyolikuta.

Nasi twafuga nyuki wa Afrika, mdudu mwepesi wa hasira na hodari wa ulinzi. Nyuki mlinzi akichoma, mahali pale hubaki kitu chenye harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ni kama king'ora: huwaita wenzake wote mahali palipochomwa. Ndiyo maana mwalimu humfundisha mwanafunzi kuukwangua mwiba mara moja, kupafukizia moshi, na kuondoka kwa utulivu bila ya kutimua mbio kuelekea watu walipo. Ndiyo maana pia manzuki hayawekwi karibu na nyumba, shule, njia wala zizi. Kamenge ni mtaa wenye watu wengi waliosongamana. Darasa laweza kuwa Kamenge, lakini mizinga yenyewe haina budi kuwekwa pembeni, kwenye miteremko ya vilima vilivyo mashariki ya mji, mahali ambapo mtoto hatapita akienda kuteka maji. Na kila mwanafunzi ajue kabla ya yote kwamba wako watu ambao mwili wao hauvumilii sumu ya nyuki hata kidogo. Mtu akivimba uso au akakosa pumzi baada ya kuchomwa, hapelekwi kivulini. Hupelekwa hospitali bila ya kukawia.

Tukishakubaliana juu ya mafunzo ya vitendo, twaongeza neno la pili: mafunzo hayo yasiishie kwenye kurina asali, bali yafike kwenye kulea malkia. Malkia ni mama wa mzinga mzima. Kibarua wakati wa msimu wa maua huishi majuma machache tu, ilhali malkia huweza kuishi miaka kadhaa, na msimu ukiwa mzuri hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Akiwa mzee au dhaifu, kundi hupungua. Akitoka katika ukoo wenye ukali wa kupita kiasi au wenye tabia ya kuhamahama, wanawe wote watakuwa vivyo hivyo. Mfugaji asiyejua kulea malkia hungoja bahati imletee bumba la nyuki mzingani. Ajuaye kulea malkia huligawa kundi lake jema na kupata makundi mawili, kisha manne, bila ya kununua nyuki hata mmoja.

Kazi yenyewe si uchawi, wala haihitaji mitambo. Maumbile yameamua kwamba yai la malkia na yai la kibarua ni yai moja. Kinachowatenganisha ni chakula. Buu anayelishwa maziwa meupe ya nyuki walezi mpaka mwisho, katika chumba kipana kinachoning'inia, huwa malkia. Basi mfugaji huchagua mzinga wenye sifa njema, akachukua humo mabuu ambao hawajatimiza siku moja tangu kuanguliwa, na kwa kijiti chembamba akawahamishia katika vikombe vidogo vya nta. Vikombe hivyo huwekwa ndani ya kundi lenye nguvu, lililojaa nyuki walezi, lakini lililoondolewa malkia wake. Nyuki hao, wakijiona yatima, huwapokea mabuu na kuwalea kama wafalme.

Hapo sasa ndipo nidhamu inapotakiwa. Malkia hutoka chumbani mwake karibu siku ya 15 au 16 tangu yai kutagwa. Kwa hiyo kufikia siku ya tisa baada ya kuhamisha mabuu, kila chumba cha malkia chapaswa kiwe kimepelekwa katika kisanduku chake chenye kikundi kidogo cha nyuki. Mfugaji akilala siku hiyo, au akihesabu vibaya, malkia wa kwanza kutoka atawaua wenzake wote wakingali vyumbani mwao, na kazi ya majuma mawili itapotea kwa saa moja. Je, ni nani aliyezoea kushika zamu, kuandika daftari la lindo, na kutimiza amri kwa saa yake, kuliko askari? Tabia ile ile ambayo kambi imemjengea kwa miaka ishirini ndiyo inayotakiwa katika manzuki.

Na kwa yule ambaye macho yake yamechoka au vidole vyake ni vizito, iko njia nyepesi zaidi. Achukue masega yenye mayai na majana machanga kutoka kundi lake bora, pamoja na nyuki wa kutosha na asali ya akiba, ayaweke katika mzinga mpya. Nyuki wenyewe, wakitambua kwamba hawana mama, watajilelea malkia. Njia hii haitoi malkia wengi, lakini humfundisha mtu kutazama na kungoja.

Twasisitiza jambo moja zaidi: malkia hao walelewe kutokana na nyuki wa hapa hapa. Mtu asidanganywe kwamba wokovu utakuja na malkia wa kigeni aliyefungwa kisandukuni. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, aliwapeleka nchini kwake malkia kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika, kwa nia njema ya kuongeza asali. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka. Wakachanganyika na nyuki wa huko, wakaenea Amerika ya Kusini na ya Kati, na mwaka 1990 wakafika Texas, Marekani. Watu na mifugo walidhurika njiani. Wafugaji wa Brazil walijifunza baadaye kuishi na nyuki hao na hata kufaidika nao, lakini baada ya gharama kubwa. Funzo kwetu ni kwamba nyuki akishavuka mpaka harudishwi kwa hati ya kumfukuza. Tena wageni waweza kuleta magonjwa na kupe ambao nyuki wetu hawakuwaomba.

Wako watakaosema kwamba kazi ya askari ni ulinzi, na kwamba kumfundisha ufugaji ni kumpotezea muda. Hoja hiyo hatuikubali. Jirani zetu wa Tanzania waliunda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na vijana wake hulima na kufuga bila ya kusahau gwaride. Nchini humo humo, mjini Tabora, kuna chuo cha ufugaji wa nyuki, na Tabora si mbali na Kigoma, wala Kigoma si mbali na bandari yetu. Askari mwenye hakika ya kesho yake hulinda leo kwa moyo mtulivu. Asiye na hakika hiyo hushawishika kwa urahisi kudai kitu kidogo kizuizini, au kuikodisha silaha yake gizani. Usalama wa raia huanza na usalama wa tumbo la mlinzi wake.

Lakini tumeichagua Kamenge kwa sababu iliyo nzito kuliko asali. Mtaa huu una kumbukumbu. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, Kamenge ilipita katika moto. Katika miaka ya 1994 na 1995 watu walikufa, nyumba zikabomolewa, na wakazi wengi wakakimbia. Wako waliojifunza kuogopa kila mwenye sare, na wako wenye sare waliojifunza kumdhania kila mkazi kuwa adui. Mtaa huo huo pia ulionyesha njia nyingine: Kituo cha Vijana cha Kamenge kiliwakusanya vijana wa makabila yote katika michezo na kazi, na mwaka 2002 kikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Amani haikuletwa pale na hotuba peke yake. Ililetwa na watu kushika kazi moja pamoja.

Basi na ifikiriwe picha hii. Mzinga umefunguliwa saa ya magharibi. Mmoja ameshika bomba la moshi, mwingine anainua sega. Mmoja ni sajini anayekaribia kustaafu, mwingine ni mjane wa Kamenge. Wa kwanza akipeleka moshi vibaya, wa pili atachomwa. Wa pili akiliangusha sega, wote wawili watakimbia. Hakuna hapo nafasi ya kumdharau mwenzako, kwani maisha yako ya dakika hiyo yamo mkononi mwake. Twaamini kwamba saa moja ya namna hiyo yaweza kufanya kazi ambayo mikutano kumi haikuifanya.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne kwa wakuu wa jeshi na polisi. Kwanza, mizinga isigawiwe kwa mtu yeyote kabla hajashika masega kwa mikono yake mbele ya mwalimu. Pili, mafunzo yachukue msimu mzima, tangu maua mpaka mavuno na tangu buu mpaka malkia anayetaga, wala yasiwe semina ya siku tatu yenye cheti na picha. Tatu, malkia walelewe kutoka makundi ya hapa yaliyo bora. Nne, nusu ya nafasi za mafunzo wapewe wakazi, wanawake kwa wanaume, pamoja na waliokwisha kuvua sare.

Ndugu askari na polisi, nanyi msingoje amri ya maandishi. Yuko mzee kilimani kwenu anayejua nyuki huhama wakati gani na mti gani huchanua mwezi gani. Likizo ijayo mfuateni, mkae chini, mmuulize. Atakayeanza na mzinga mmoja leo, akautazama kila juma na kuuandikia daftari, siku atakapoikunja sare yake atakuwa na lindo jingine linalomngoja.