Ngoma ya Mario Iko Maktaba ya Bunge, Wewe Bado Unasema Gemu ni za Watoi?

Unaikumbuka ile ngoma ya Super Mario? Koji Kondo aliitunga 1985, kwa mashine iliyotoa sauti chache tu kwa wakati mmoja. Mwaka wa 2023, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye rekodi zake za kitaifa. Ya kwanza kutoka kwa gemu.

Lakini hii ndiyo inafaa ikuume, msee. Ngoma ya kwanza ya gemu kubeba Grammy, 2011, ni ya Kiswahili: "Baba Yetu" ya Civilization IV. Aliyeitunga? Christopher Tin, Mmarekani. Hakutuibia, aliona tu nafasi sisi tukiwa tumelala. Maprodyusa wakali wako kila mtaa, wengi wakingoja msanii ndio wapate doo. Gemu pia zinataka biti. Utaamka lini?