Kumwambia Muuguzi “Vumilia” Hakutoshi

Tukisikia habari za makazi ya wazee, kama yale ya Sukamahela, Manyoni, mkoani kwetu Singida, twawafikiria wazee. Je, wanaowahudumia nani anawafikiria?

Kumtunza mzee asiyejiweza si kazi ya siku tatu. Yapasa aogeshwe, alishwe, tena ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Wengi hawaruhusiwi kurudi nyumbani. Tunaagana nao kaburini. Muuguzi akilemewa huambiwa, “Vumilia, huu ni wito.”

Kwa maoni yangu, jibu hilo halitoshi. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alieleza kuwa mfanyakazi huumia zaidi pale kazi inapokuwa nyingi naye hana uamuzi juu yake. Miaka miwili kabla, Rosabeth Moss Kanter alionyesha kuwa mtu hupata nguvu kazini akiwa na habari, msaada, vifaa na nafasi ya kujiendeleza. Muuguzi anayejua kuwa mzee fulani hana meno asingoje kibali cha ofisi ili apikiwe uji.

Basi, viongozi wa vituo wapange zamu pamoja na wauguzi, na glovu zikiisha wawasikilize.

Nanyi wenye mzee kitandani nyumbani, yule binti au mkamwana anayemhudumia ndiye muuguzi wenu. Mpokeeni zamu apumzike. Na ukoo ukikaa kukata shauri juu ya mzee, yeye aulizwe kwanza.